Kurudi Uingereza: Kalenda Kwanza

Hotuba kwa Waswahili wenye uraia wa Uingereza wanaoishi Maryland na Virginia

Asalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu wengine, hamjambo.

Mwenyekiti amenipa nusu saa, na amenionya nisiugeuze ukumbi huu kuwa ofisi ya kodi. Nitajitahidi. Kazi yangu mnaijua: kila mwaka, Januari mpaka katikati ya Aprili, makaratasi yenu yanalala mezani kwangu. Zamani mtu akishasaini alikuwa na swali moja tu, serikali itamrudishia kiasi gani. Miaka hii ya karibuni anasaini, anavaa koti, halafu anageuka mlangoni: "Hivi sisi tukiamua kurudi Uingereza, inakuwaje?" Mmeniuliza wengi mno, nikaona bora niwajibu kwa pamoja.

Humu ndani wamo waliotoka Unguja na Pemba baada ya yale ya Januari 2001. Wamo ambao wazazi wao waliondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, au walifukuzwa Uganda mwaka 1972, wakaishia Leicester. Wamo Wabarawa wa London. Wamo wauguzi, tena wengi, waliojifunzia kazi kule kisha wakapanda ndege kuja huku walipoona mshahara wa wodi ile ile ni karibu mara mbili. Uraia tuliupata kule. Kwa hiyo mbele ya sheria sisi ni Waingereza tulioko ughaibuni, sawasawa na mzaliwa wa Manchester anayeishi Texas, na linalomkosesha usingizi yeye ndilo linalotukosesha sisi: bima ya afya, bunduki mashuleni, mama mzee aliyebaki kule peke yake, na siasa za huku ambazo kila baada ya uchaguzi zinamtuma mtu kabatini kuangalia kama pasipoti yake haijaisha muda.

Ninalo jambo moja la kuwaambia. Tukizungumzia kurudi, tunabishana kuhusu nchi: Uingereza imeharibika, Marekani imeharibika zaidi, mvua, foleni, kodi. Mimi nimeona familia zilizorudi zikafurahi na nimeona zilizorudi zikajuta, na mara nyingi kilichozitenganisha kilikuwa tarehe. Mtoto alikuwa na umri gani. Grini kadi ilikuwa na miaka mingapi. Nyumba iliuzwa kabla ya safari au baada yake. Nani alitangulia. Hayo ndiyo yaliyowapa au kuwanyang'anya maelfu ya pauni, na kuna wengine yaliwaweka mume na mke mabara mawili kwa mwaka mzima.

Hata hivyo nisilikwepe hilo la nchi, maana najua mtanirudisha huko wakati wa maswali. Uingereza mnayoikumbuka haipo tena. Orodha ya wanaosubiri matibabu ya hospitali England ilipita milioni 7 baada ya korona, na mpaka leo foleni ni ndefu. Kupanga nyumba London kunameza mshahara wa muuguzi. Kiangazi cha 2024, baada ya mauaji ya watoto Southport, makundi yalishambulia misikiti na hoteli walimokaa waomba hifadhi, na jamaa zetu waliwafungia watoto ndani. Anayesema anarudi kule kwa sababu hakuna ubaguzi awapigie simu ndugu zake kwanza.

Upande wa pili nao una hesabu zake. Bima ya familia kupitia mwajiri wa Marekani iligharimu wastani wa zaidi ya dola 25,000 mwaka 2024, mwajiri na mfanyakazi wakigawana, na hapo bado hujalipa sehemu yako siku ukilazwa. Wanaojinunulia wenyewe wameona bei ikiruka baada ya ruzuku ya ziada kwisha mwishoni mwa 2025. Kule raia anayerudi kuishi moja kwa moja anaingia NHS, huduma ya afya ya serikali, tangu anapohamia na halipii kitanda. Likizo yenye malipo kule ni siku 28 kwa mwaka kisheria, sikukuu zikiwemo. Huku sheria ya taifa haimpi mfanyakazi wa kampuni hata siku moja. Na tangu 2020 bunduki ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa nchi hii. Jambo hilo la mwisho sitamwelekeza mzazi yeyote alipime vipi. Nchi kila mtu atachagua yake. Turudi kwenye kalenda.

Nianze na watoto, kwa sababu saa yao haimngoji mtu.

Chuo kikuu cha England kina bei mbili. Mwaka wa masomo 2025/26 mwanafunzi wa nyumbani alilipa pauni 9,535, na serikali inamkopesha. Wa nje kwa kawaida analipa zaidi ya 20,000, wa udaktari zaidi sana, na hakopeshwi. Wengi mnadhani pasipoti ya Uingereza ndiyo inayomweka mtoto upande wa bei ndogo. Haitoshi. Kanuni inataka mwanafunzi awe ameishi Uingereza kama mkaazi wa kawaida kwa miaka 3 kabla ya siku ya kwanza ya mwaka wake wa masomo, na asiwe amekwenda huko kwa ajili ya kusoma tu. Mtoto wako Mwingereza aliyekulia Silver Spring hapa Maryland, akiomba chuo kutoka hapa, anatozwa kama aliyetoka Beijing. Kuna wanaojitetea kwamba familia ilikuwa nje kwa muda tu, kikazi. Ukiwa na grini kadi, nyumba ya mkopo wa miaka 30 na watoto waliozaliwa hapa, utetezi huo ni mgumu kuuamini hata kwa mimi ninayekupenda.

Sasa pigeni hesabu. Binti ana miaka 16. Mnahamia Agosti, Septemba anaanza A-level, masomo ya mwisho kabla ya chuo kikuu, anasoma miaka 2, anamaliza akiwa na 18. Ana miaka 2 ya makazi, anapungukiwa mmoja. Ama mlipe bei ya nje kozi nzima, kwa maana hadhi anayoanza nayo ndiyo kwa kawaida anayomaliza nayo, ama akae nyumbani mwaka mmoja, afanye kazi, aingie chuo akiwa na 19. Hilo la pili si baya hata kidogo; wapo vijana ambao mwaka huo uliwakomaza kuliko shule. Lakini lijulikane kabla ya kukata tiketi, lisije likajulikana siku barua ya chuo inapofika na bei ndani yake.

Chini ya hapo kuna GCSE, mitihani ya sekondari inayotangulia A-level. Inasomewa miaka 2, Year 10 na Year 11, umri wa miaka 14 mpaka 16. Ukimhamisha mtoto katikati anakuta wenzake wamemaliza nusu ya silabasi, na pengine shule hiyo inatumia bodi nyingine ya mitihani, na historia wanayosoma ni ya Wafalme wa Tudor ambao yeye hajawahi kuwasikia. Ukizilaza hesabu hizi mbili pamoja unauona mwaka unaofaa: kabla ya Septemba ya Year 10, akiwa na 13 au 14. Mitihani yote anaifanyia kule, na akifika 18 ana miaka 4 ya makazi. Mwenye mtoto wa miaka 12 leo ana muda wa kujipanga vizuri. Mwenye wa 17, ushauri wangu ni asubiri. Mtoto asome chuo cha jimbo hapa hapa kwa bei ya mkaazi, na bei hiyo kwa kawaida inategemea wazazi nao wabaki kuwa wakaazi. Najua hilo si jibu mlilolifuata leo. Wanaofikiria Scotland: wakaazi wa kule hawalipi ada ya shahada ya kwanza, ila uwe mkaazi wa Scotland kweli, si wa Birmingham mwenye kutamani Glasgow.

Kabla sijawaacha watoto, pasipoti zao. Mzazi aliyepata uraia wa Uingereza kwa kuomba, kisha akazaa huku Marekani, mtoto wake ni Mwingereza tangu anazaliwa. Anaombewa pasipoti tu. Lakini uraia wake ni wa kurithi, na yeye akija kuzaa nje ya Uingereza mtoto wake haupati hivi hivi. Aliyezaliwa nje ya Uingereza kabla mzazi hajaapa si Mwingereza mpaka asajiliwe. Nyumba moja unakuta kaka si Mwingereza, mdogo wake ni Mwingereza, na mama yao hajui mpaka siku ya safari. Tena tangu 25 Februari 2026 mwenye uraia wa nchi mbili haingii tena kwa pasipoti ya Marekani pekee kama tulivyozoea. Anatakiwa awe na pasipoti ya Uingereza, au cheti cha haki ya kuingia, ambacho kilikuwa pauni 589 kanuni hiyo ilipoanza. Pasipoti ni rahisi kuliko hapo mara kadhaa. Mnaowapeleka watoto kwa bibi yao Leicester kila kiangazi kwa kitabu cha Marekani, safari hii mtaishia uwanja wa ndege wa Dulles.

Tuje kwa mume na mke. Naomba utulivu.

Wewe ni Mwingereza, mwenzio ni Mmarekani, au ni Mkenya mwenye grini kadi. Hawezi kukufuata tu kama mzigo. Anahitaji viza ya mwenzi, na tangu 11 Aprili 2024 kipato kinachotakiwa ni pauni 29,000 kwa mwaka. Zamani ilikuwa 18,600. Mtu ananiambia, "Hiyo ndogo, mke wangu muuguzi anaingiza zaidi ya dola 90,000." Mshahara wa mkeo wa huku hauhesabiwi. Kazi hiyo ataiacha akihama. Anayetazamwa ni wewe Mwingereza, na kama mnarudi pamoja unatakiwa uonyeshe mambo mawili: kwamba hapa unapata kiwango hicho, kwa mwajiri mmoja kwa angalau miezi 6 au kwa jumla ya miezi 12 iliyopita, na kwamba una kazi iliyothibitishwa kule, inayofikisha kiasi hicho, itakayoanza ndani ya miezi 3 tangu ufike. Sasa fikirieni nyumba ambayo mke anapiga shifti za usiku na mume amebaki kulea watoto. Yule wa kulea ndiye mwenye pasipoti ya Uingereza, na hana slipu ya mshahara hata moja. Nyumba za namna hiyo ninazijua, na si chache.

Njia zipo mbili. Mwingereza atangulie, apate kazi, afanye miezi 6 kwa mwajiri mmoja, ndipo mwenzake aombe viza. Ongezeni muda wa kutafuta hiyo kazi na muda wa ombi lenyewe, mnaukaribia mwaka wa kuonana kwenye simu. Njia ya pili ni akiba: pauni 88,500 zilizokaa benki miezi 6, badala ya mshahara. Kanuni inakubali pia pesa iliyotokana na nyumba yenu mliyoiuza, hata kama haijatimiza miezi hiyo benki, mradi nyumba yenyewe mlikuwa nayo. Waliowahi kununua nyumba hapa wakati bei ikiwa ya chini wana nafuu hapa ambayo wengi hawaijui. Juu ya hayo kuna ada ya ombi, karibu pauni 2,000, na malipo ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, yote yakilipwa mapema.

Halafu mtihani wa Kiingereza. Mmarekani hafanyi. Mkenya na Mtanzania wanafanya, hata kama mtu amewafundisha watoto wa Baltimore Kiingereza miaka kumi, labda awe na shahada iliyofundishwa kwa lugha hiyo. Nawaona mnacheka. Lipieni, ukafanywe, yaishe. Hakuna aliyewahi kushinda kwa kubishana na fomu.

La bibi ni zito zaidi. Wengi wenu mmewaleta mama zenu kutoka Mombasa na Wete kwa grini kadi, kwa sababu mtoto aliye raia wa Marekani anaruhusiwa kumwombea mzazi. Uingereza mlango huo ulibanwa mwaka 2012. Mzazi mzee anakubaliwa tu akiwa hajiwezi kwa shughuli za kila siku, na huduma anayohitaji haipatikani kwao hata kwa kulipiwa. Ni wachache mno wanaopita. Mkihama, bibi hawafuati. Atabaki na nani? Swali hilo liulizwe kwenye kikao cha familia, yeye mwenyewe akiwepo, na mapema.

Grini kadi sasa. Ni ruhusa ya kuishi hapa, na asiyeishi hapa inamponyoka. Kuna mtu anataka kuhamia Luton lakini abaki na kadi, awe anakuja kila baada ya miezi mitano kusalimia uwanja wa ndege. Afisa wa mpakani anaona tarehe zote hizo kwenye kompyuta yake, na amewasikia wengi kabla yako.

Anayekaribia kutimiza miaka 5, au 3 kama ameolewa au ameoa raia, mimi namshauri aape uraia kwanza ndipo aondoke, ili mradi ajue anachokinunua. Raia anaweza kurudi Marekani hata baada ya miaka 20. Na mwenzi wa Mwingereza akishakuwa Mmarekani, ule mtihani wa Kiingereza unamwondokea. Bei yake ni kwamba atajaza kodi ya Marekani kila mwaka popote alipo, mpaka afe au aukane uraia. Mara nyingi hatadaiwa kitu, kwani kodi aliyolipa Uingereza inapunguzwa kwenye ya Marekani, lakini kujaza ni lazima, na akaunti zake za nje zikipita jumla ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka anaziripoti. Ile akaunti ya ISA ambayo benki za kule zinaitangaza kuwa haina kodi, Marekani haiitambui, na mifuko ya uwekezaji iliyomo ndani inatozwa vibaya mno. Benki ya kule itakuuliza kwenye fomu kama una uhusiano wa kikodi na Marekani, kwa sababu ya sheria ya FATCA ya 2010. Jibu kweli. Pensheni yako ya 401(k), kwa bahati nzuri, mkataba wa kodi wa nchi hizi mbili unaitambua. Iache ilale, ila ulizia mapema kama kampuni inayoitunza inakubali wateja wenye anwani ya Uingereza, maana nyingine hazitaki.

Asiyeutaka uraia auangalie mwaka wa 8. Aliyekuwa na grini kadi katika miaka 8 kati ya 15 iliyopita, akiirudisha, anaingia kwenye sheria ya kodi ya kuondoka. Hata siku moja ndani ya mwaka inahesabiwa mwaka mzima, kwa hiyo aliyeipata Desemba na kuirudisha Januari anaweza kufika 8 kwa miaka 6 na siku kadhaa. Watu wakisikia kwamba sheria hiyo ni ya wenye mali ya dola milioni 2 wanapumua. Hawafiki kipengele cha mwisho: hata asiye na kitu, akishindwa kuthibitisha kwamba kwa miaka 5 iliyopita ametimiza masharti yote ya kodi, anawekwa kundi moja na matajiri. Nyumba ya Nyali inayopangishwa na haijawahi kuonekana kwenye fomu. Akaunti ya London iliyosahauliwa kwa makusudi. Simtazami mtu. Virekebishwe kabla kadi haijarudishwa.

Kwa upande wa Uingereza, sheria ilibadilika 6 Aprili 2025, na kwa mara moja imebadilika kwa faida yetu. Aliyekuwa si mkaazi wa Uingereza kwa miaka 10 ya kodi mfululizo, akirudi, anaweza kudai asitozwe kodi ya Uingereza kwenye mapato na faida zake za nje kwa miaka 4 ya kwanza. Uraia wake haumzuii. Pango la nyumba yako ya Columbia, gawio la hisa zako, Uingereza haviigusi kwa miaka hiyo, ingawa Marekani itaendelea kuchukua chake. Mwaka unaodai hivyo unapoteza posho ya pauni 12,570 isiyotozwa kodi, basi mwenye vijisenti vya nje atapata hasara. Apige hesabu kwanza. Na miaka 10 ikatike mara moja, imekatika. Mwaka wa kodi wa kule unaanza 6 Aprili. Ukienda kumuuguza mama ukakaa siku 183 ndani ya mwaka mmoja wa kodi umekuwa mkaazi, unaanza moja. Mwenye nyumba au familia ya karibu kule anaweza kuhesabiwa mkaazi hata kwa siku pungufu. Aliye na miaka 9 nje, na hana dharura, ana sababu nzuri ya kukaa mwaka mmoja zaidi. Risiti za ndege zitunzeni.

Nyumba ya huku iuzwe lini? Marekani inasamehe faida ya hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja, 500,000 kwa mke na mume, kama mmeishi humo miaka 2 kati ya 5 ya mwisho. Mkiuza kabla ya kuhama mmemaliza. Mkiuza mkiwa tayari ni wakaazi wa Uingereza, na hamna ile nafuu ya miaka 4, nayo itataka kupiga hesabu yake, kwa pauni, kwa viwango vya pauni vya siku mliyonunua na siku mliyouza. Mkiiacha na kununua nyingine England, ushuru wa stempu unaongezeka asilimia 5 kwa sababu mna nyumba mahali pengine duniani, na asilimia 2 zaidi kama mnunuzi hajaishi kule siku 183 katika mwaka uliotangulia. Kwa nyumba ya pauni 350,000 hizo ni pauni 24,500 juu ya ushuru wa kawaida. Zile asilimia 2 zinarudishwa ukitimiza siku hizo baadaye, na zile 5 unaweza kuzidai kama ndani ya miaka 3 utaiuza nyumba uliyokuwa ukiishi. Lakini mkononi lazima uwe nazo siku ya kununua.

Wazee wangu, hamjasahauliwa. Pensheni ya serikali ya Uingereza inataka angalau miaka 10 ya michango upate chochote, na 35 upate kamili, ambayo kwa 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Wengi mlifanya kazi kule miaka 8, 12, 15. Mapengo yanalipika. Aliye nje aliweza kulipa daraja la 2 la National Insurance, yaani michango hiyo ya pensheni, chini ya pauni 4 kwa wiki, lakini kwa miaka inayoanza Aprili 2026 mlango huo umefungwa. Limebaki daraja la 3, takriban pauni 18 kwa wiki, na anayeanza sasa lazima awe ameishi au kuchangia kule miaka 10. Bado linalipa. Mwaka mmoja unagharimu kama pauni 950 na unakuongezea karibu 350 kila mwaka mpaka mwisho wa uhai. Chini ya miaka mitatu ya kustaafu imerudi.

Pensheni hiyo, tofauti na kwa ndugu zetu wa Canada, ukiwa Marekani inapandishwa kila mwaka, kwa hiyo msihame kwa kuihofia. Ya Marekani nayo italipwa mkiwa kule, na mkataba wa hifadhi ya jamii wa nchi hizi mbili, uliopo tangu 1985, unaruhusu kuunganisha miaka ya huku na ya kule kwa ambaye hajatimiza 10 ya Marekani. Zamani pensheni ya Uingereza ilikuwa ikiipunguza ile ya Marekani. Kifungu hicho kilifutwa Januari 2025. Aliyekuwa akikatwa aulizie kama amerekebishiwa. Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, hailipi hospitali ya Uingereza. Ukiiacha sehemu yake ya B, ile ya kulipia madaktari, ukaja kuirudia, unaongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 uliyokuwa nje yake. Kwa hiyo mzee asiye na hakika kama atakaa kule moja kwa moja asiikate mwaka wa kwanza.

Kuna mzee aliniuliza pale nje kwa nini hatuzungumzii kurudi Unguja kabisa. Ni hotuba nyingine, mzee wangu. Ila nilimkumbuka Jamshid, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyefika Uingereza mwaka 1964 na kuishi Portsmouth mpaka 2020, alipokubaliwa kuhamia Oman akiwa na miaka 90 hivi. Yeye alikuwa akingoja ruhusa. Sisi ruhusa tunayo mfukoni, tunachokosa ni kikao.

Mambo madogo niyapitie mbio. Leseni ya Marekani inaendesha kule miezi 12 tu, haibadilishwi. Kama ulikuwa na ya Uingereza ihuishe. Vyombo vya nyumbani ulivyotumia miezi 6 vinaingia bila ushuru ukiomba kabla kontena halijafika. Mashine za umeme gaweni, ni za volti 120. Anayetegemea posho za serikali siku za mwanzo ajue hata raia anayerudi anapimwa kama kweli amekuja kuishi, na inaweza kuchukua miezi. Aende na akiba. Wauguzi, angalieni usajili wenu wa NMC, baraza la wauguzi na wakunga la kule, kabla ya kuomba kazi, si baada.

Lililobaki ni lile ambalo hamulisemi kwa sauti: tukienda tukashindwa? Raia wa Marekani anarudi tu. Mwenye grini kadi aombe kibali cha kurudi, na akiombe akiwa bado hapa hapa Marekani, kwani ukishatoka umechelewa. Kinatolewa kwa muda usiozidi miaka 2. Kwa hiyo familia inaweza kwenda, watoto wakaonja majira mawili ya baridi ya kule, Mwingereza akajaribu kazi, nyumba ya huku ikapangishwa badala ya kuuzwa, huku kile kibali kikiwa bado hai. Ina gharama zake hiyo, nimeshazitaja: ushuru wa stempu, hesabu ya miaka 10. Lakini kwa wasio na hakika, ni bora kuliko kuuza kila kitu Juni na kulia Novemba.

Mwenyekiti, nimezidisha dakika, nisamehe. Nitakaa meza ile ya karibu na chai. Mje na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, tarehe iliyo juu ya grini kadi, na tarehe mliyoondoka Uingereza. Na wenye ndoa mje wote wawili, sitamjibu mmoja halafu nipigiwe simu na wa pili usiku.